Neno Alilolielewa Baba Mdogo

Siku binti aliporudi na barua ya chuo na kusema atasoma Biashara na Kijerumani, shangazi yake aliweka kikombe chini, akamkazia macho.

"Biashara naielewa," alisema. "Sasa hicho Kijerumani utamuuzia nani?"

Sebule nzima ilicheka. Binti naye alicheka. Alikuwa ameomba kusoma sheria, akakosa nafasi. Chuo kikampa kozi hiyo, akaipokea shingo upande.

Asiyecheka alikuwa baba yake mdogo. Ndiye aliyemlea tangu baba mzazi alipofariki, yeye akiwa darasa la nne. Alikuwa fundi mkuu katika kiwanda cha maboksi, na mashine kubwa ya kukatia makaratasi magumu pale kiwandani ilikuwa imetengenezwa Ujerumani. Kwa miaka ishirini aliihudumia mashine ile kwa masikio na mikono tu, bila kuyajua maandishi yake. Likizo ya kwanza binti aliporudi na madaftari yake, fundi alimchukua hadi kiwandani, akamsimamisha mbele ya kibao chekundu kilichopigiliwa ubavuni mwa mashine.

"Hapa wameandika nini?"

"*Nicht öffnen*. Usifungue. Hili la kwanza, *nicht*, ndilo la kukataa. Ukilisikia, ujue mtu anakanusha."

Fundi alijikuna kidevu. "Miaka yote hii nilidhani ni jina la kampuni."

Basi wakazunguka mashine nzima, binti akisoma, fundi akiandika kwa penseli kwenye kijitabu chake cha mfukoni.

Chuoni asubuhi zilikuwa za masoko na sheria za mikataba, watu mia mbili ukumbini, waliochelewa wameketi kwenye ngazi. Mchana alipanda ghorofa ya tatu, kwenye chumba kidogo chenye dirisha lisilofungika, ambako wanafunzi kumi na mmoja walihangaika na Kijerumani. Wenzao wa biashara waliwaita Wajerumani. Mwaka wa kwanza binti alilia mara mbili kwa sababu ya sarufi. Mwaka wa pili aliandika barua ya kuagiza bidhaa kutoka mwanzo hadi mwisho bila kosa hata moja, akaibandika ukutani kwake kama picha ya harusi. Mwalimu wao, mtu mfupi mwenye sauti kavu, aliwafundisha pia ukalimani. "Huongezi chumvi, hupunguzi," alikuwa akisema. "Mtu akisema 'mimi', na wewe sema 'mimi'. Pale wewe huna maoni."

Mwaka wa tatu ulipofika wakati wa mafunzo kazini, alipata nafasi katika kiwanda kilekile cha baba mdogo, ofisi ya mauzo. Alikuwa na wiki mbili tu pale ajali ilipotokea.

Mkataji mmoja, waliyemwita Sauti kwa sababu alikuwa hasemi, alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye ile mashine. Kifuniko cha kinga, kinachozuia mkono usifike kwenye kisu, hakikuwepo. Meneja aliandika taarifa kwamba Sauti mwenyewe ndiye aliyekifungua ili aharakishe kazi, kwa hiyo aliyataka mwenyewe. Sauti alikuwa hospitali. Na hata angekuwepo, watu walijua si mtu wa kubishana.

Baba mdogo aliacha kula vizuri. Akirudi nyumbani alinawa, akaketi, akaangalia ukuta. Mkewe alidhani ni malaria. Binti alidhani ni huzuni ya mwenzake kuumia, wala hakumuuliza.

Wiki tatu baadaye, kampuni iliyotengeneza mashine ikamtuma mhandisi kuja kuona kilichotokea. Alikuwa mama wa makamo, nywele fupi zenye mvi, asiyejua Kiswahili hata cha salamu. Meneja alimwita binti kutoka ofisi ya mauzo. "Leo ndiyo siku ya hiyo lugha yako," alimwambia. "Tafsiri vizuri, usituaibishe."

Wakasimama wanne mbele ya mashine iliyozimwa: mhandisi, meneja, fundi na binti. Mhandisi aliinama, akapitisha kidole kwenye matundu manne ya skrubu, akanyanyuka. Aliuliza swali fupi, akimtazama fundi.

"Anauliza nani alikitoa kifuniko," binti alisema.

Meneja akafungua mdomo, lakini fundi akamtangulia.

"Mwambie ni mimi. Kilikuwa kinakwama, nikakitoa, nikisubiri kipuri. Sauti hakukigusa. Mwambie nimenyamaza wiki tatu, na sitaki kunyamaza tena."

Binti alimtazama. Aliona sare ya baba yake mdogo yenye kiraka kifuani, akaiona miaka yote aliyovaa sare hiyo ili yeye asome. Akamgeukia mhandisi, akasema kwa Kijerumani sentensi fupi, laini: hatujui.

Mhandisi akaandika. Meneja akashusha pumzi.

Fundi hakusogea. Alikuwa amekunja uso kama anavyofanya akisikia mlio mgeni ndani ya injini.

"Umesema *nicht*," alisema taratibu.

"Baba..."

"Nimelisikia. Mimi sikukataa kitu hapa. Nimekubali. Kwa nini kwenye maneno yangu kuna *nicht*?"

"Watakufukuza kazi, baba."

"Na yule mwenye vidole vitatu?" Hakupaza sauti. "Mwanangu, sikukupeleka shule uniokoe kwa uongo. Rudia. Sema nilivyosema."

Meneja akaingilia, "Jamani, mgeni anatusubiri, haya ya familia mtamalizana nyumbani." Binti alijifuta uso kwa kiganja, akamwomba radhi mhandisi, akamwambia kwamba tafsiri ya kwanza haikuwa ya kweli. Kisha akasema maneno ya fundi moja baada ya jingine, akisema "mimi" kila alipotakiwa kusema "mimi". Mhandisi alimsikiliza hadi mwisho. Akakata mstari alioandika, akaandika upya, akamshika fundi mkono.

Mambo hayakuwa mepesi baada ya hapo. Sauti alipata haki yake yote kwa sababu ya taarifa ile mpya. Fundi aliachishwa kazi kabla mwezi haujaisha, na binti akaambiwa mafunzo yake yameishia hapo. Shangazi alikuja akamsema vibaya kwa saa nzima: mtoto gani anayemtoa kazini aliyemlea? Fundi ndiye aliyesema, "Dada, mimi ndiye niliyemlazimisha," akatoka nje.

Ripoti ya mafunzo aliiandika kwa Kijerumani, kurasa kumi na nne, na katika ukurasa wa tisa akauandika uongo wake. Mwalimu alimrudishia. Kulikuwa na alama mbili tu za kalamu nyekundu, penye makosa ya sarufi.

Jumapili moja Sauti alikuja kuwatembelea. Alikaa sebuleni na fundi karibu saa mbili, na maneno waliyosemeshana yangeweza kuhesabika. Alipoaga, alitoa mkono wa kushoto. Fundi aliupokea kwa mikono yake miwili, akakawia kuuachia.

Jioni hiyo alimwita binti barazani.

"Mara ya pili ulimwambia nini hasa yule mhandisi? Kwa maneno yao."

Binti akamwambia.

"Polepole."

Akarudia polepole. Fundi akajaribu, ulimi ukamgoma, akajaribu tena mpaka sentensi ikatoka, imepinda lakini nzima. Wala hakuiandika kwenye kijitabu.

Binti alimaliza chuo mwaka uliofuata. Sasa yuko katika ofisi inayoagiza mitambo kutoka nje. Anaandika barua, anasoma mikataba, na wageni wakija ndiye anayeitwa kukalimani. Baba mdogo anatengeneza vyerehani nyumbani, chini ya dirisha la jikoni, kwenye mwanga wa asubuhi.