Yoho Hanunui

Ndugu yangu Verlin Yoho simpendi, na yeye analijua hilo vizuri. Tunaishi nyumba moja kwa sababu mume wangu alikufa, nyonga yangu ikavunjika, na chumba cha nyuma kwake kilikuwa kitupu. Mapenzi hayakuhusika. Yeye ana miaka sabini na moja, mimi sabini na tatu, na tangu utotoni sijamsikia akikiri kosa hata moja.

Alikereza vyuma miaka thelathini na nne, kwenye karakana iliyotengeneza mitambo ya migodi ya makaa, hadi migodi ilipofungwa na karakana nayo ikafungwa. Fundi ni fundi, hilo simnyimi. Ubaya wake ni kuamini kwamba kitu cha kununua ni aibu. Meza tunayolia chakula aliiunda yeye, toroli aliliunda yeye. Marehemu mkewe, Neva, alimwomba makabati ya jikoni mwaka wa kwanza wa ndoa. Aliyapata mwaka ambao hakuweza tena kusimama jikoni, mazuri kupindukia, milango inafunga bila sauti. Neva aliyatazama kutoka kwenye kiti cha magurudumu, akasema asante. Mimi ningeyachoma moto.

Mtoto wao ni mmoja, Twyla. Ana miaka arobaini na moja. Aliachana na mumewe, akabaki na shamba la kule juu kilimani na kondoo majike thelathini na wanane. Huyo ndiye ninayempenda katika ukoo huu, na ndiyo maana nasimulia haya. Mwezi wa Oktoba mbwa wake mkubwa, aliyekuwa akishinda na kulala na kondoo, alikufa kwa uzee. Haikupita wiki mbili koyote wakajua. Mbweha hawa hawasubiri kuandikiwa barua.

Twyla alikuwa na bunduki moja tu, ya zamani, aliyorithishwa na baba yake, ile ya kuvuta komeo kwa mkono kila baada ya risasi. Wakija koyote watatu, anampiga mmoja au anamkosa, na hadi avute komeo waliobaki wameshavuka ua. Kondoo walitarajiwa kuanza kuzaa Januari. Alihitaji bunduki inayojipakia risasi yenyewe, na aliihitaji kabla mwana-kondoo wa kwanza hajasimama.

Akatuambia Jumapili, tukiwa mezani. Kulikuwa na nyama ya paa na viazi.

"Kesho naenda dukani kwa Burl," alisema. "Anazo nne ukutani."

Verlin hakuinua kichwa. Huyu mtu hula ameinamia sahani kama anayetafuta sindano.

"Kwa Burl kufanya nini?"

"Kununua bunduki, baba. Si nimesema?"

"Yoho hanunui bunduki. Yoho anaunda."

"Yoho huyu ana kondoo wa kuzaa Januari."

"Hizo za dukani zimefungwa na watu wanaowaza saa ya kutoka kazini. Mtutu hovyo, kifyatulio kigumu kama mlango wa ghala. Nitakuundia mimi, kwa kipimo chako. Krismasi unayo."

"Krismasi ya mwaka gani?" nikauliza.

"Dada, wewe kula."

Twyla aliniangalia, akacheka kidogo, kisha akamgeukia baba yake. "Kweli, baba? Krismasi?"

"Nimeshasema."

Akakubali. Nilimwona jinsi alivyokubali, mwanamke mzima mwenye mvi mbili tatu, uso umemng'aa kwa kuwa baba yake atamtengenezea kitu. Roho iliniuma. Verlin akaleta utepe wa kupimia hapo hapo. Akauinua mkono wa kulia wa Twyla, akapima kutoka kwenye kiwiko hadi kidoleni, akaandika. Aliuchukua wa kulia kwa sababu ndio uliokuwa huru. Wa kushoto ulikuwa umeshika uma.

"Unajua ninavyopiga, lakini?" Twyla alimuuliza.

"Nani aliyekufundisha?" akajibu.

Twyla ni shoto tangu kuzaliwa. Neva alijua, mwalimu wake wa darasa la kwanza alijua, mimi nilijua. Akiwa na miaka kumi na miwili, Verlin alimpeleka kupiga shabaha na bunduki ya rafiki yake, mojawapo ya hizi zinazojipakia zenyewe. Bunduki hizo hutema ganda la risasi upande wa kulia, na anayepigia bega la kushoto uso wake uko upande huo huo. Ganda la moto likamwingia mtoto shingoni, likamuunguza chini ya mfupa wa bega. Kovu lipo hadi leo. Verlin alimwambia, "Umeshika vibaya," kisha akaenda kutazama risasi imepiga wapi.

Desemba vifaa vikaanza kufika. Kile kipande chenye namba, ambacho ndicho serikali inachokiita bunduki, alikichukua kwa Burl na kukisainia. Vingine vililetwa na posta. Mimi hunywa kahawa yangu karakanani kwake, kwa sababu jiko la kule lina moto kuliko la nyumbani, kwa hiyo nilikuwepo alipovipanga vyote juu ya kitambaa. Nimekulia kwenye nyumba ile ile aliyokulia yeye, bunduki si ngeni kwangu. Dirisha la kutemea maganda lilikuwa upande wa kulia. Kitufe cha usalama kilikaa mahali panapofikiwa na dole gumba la kulia. Bunduki ya binti yake, kwa kipimo cha binti yake, na kila kipande cha mkono ambao binti yake hautumii.

Niliona mara moja. Nikanywa kahawa.

Mwenye macho haambiwi tazama, nilijiambia. Miaka arobaini na moja mtoto amekaa mbele yake na uma katika mkono wa kushoto, nami ndiye nimsomee? Nilitaka ajionee mwenyewe. Ukweli kamili ni kwamba nilitaka niwepo siku hiyo, nimeketi karibu, niuone uso wake.

Krismasi ikaja, bunduki haikuja. Mtutu wa kwanza aliurudisha, wa pili akaurudisha. Kifyatulio alikisugua wiki tatu kwa tupa iliyo laini kama karatasi. Januari kondoo wakaanza kuzaa, na koyote wakaanza kula. Twyla alikuja kila Jumapili, macho mekundu, buti zimejaa tope.

"Baba, wamechukua wa tano."

"Utashukuru ukiishika."

"Wa tano, baba. Nimeokota mguu."

"Sasa unataka nikupe kitu kibovu?"

"Nataka kitu!"

"Basi nisumbue tena nianze upya."

Mtoto wa watu akanawa mikono, akala. Na mimi nikapakua viazi.

Mwishoni mwa Februari, saa nne asubuhi, jua linawaka, waliingia wanne. Twyla alikuwa hatua sitini tu. Akapiga mmoja, akapitisha mkono wa kushoto juu ya bunduki kuvuta komeo la upande wa kulia, kama alivyofanya maisha yake yote, na wakati huo wakamchukua pacha mmoja mbele ya mama yake, kisha wa pili. Akashuka kilimani hadi kwetu, akapita karakana bila kuitazama, akaniambia, "Shangazi, vaa koti. Twende kwa Burl."

Burl alimshushia zile nne za ukutani. Twyla akaonyesha moja bila kuijaribu, akavuta fomu, akaanza kujaza. Burl akautazama ule mkono ulioshika kalamu.

"Wewe dada! Mbona hujasema kuwa wewe ni shoto?"

"Nimesema nataka bunduki."

"Ungeondoka na hii, maganda yakakuchoma uso." Akaingia nyuma, akarudi na nyingine, vumbi limeikalia. "Imelala huko mwaka na nusu. Kila anayeishika anasema imefungwa kinyume."

Twyla aliiweka bega la kushoto. Dole gumba likaangukia kitufe cha usalama bila kutafuta. Dirisha lilikuwa upande wa pili, mbali na uso wake.

"Kumbe zipo," alisema.

"Zipo miaka yote, mama," Burl akasema. "Hawakukuambia?"

Alisaini fomu, akalipa. Tulipokuwa njiani kurudi, bunduki iko kiti cha nyuma, Twyla alisema kwa sauti ya chini, "Labda ya baba ni hivi hivi. Labda ndiyo maana inachelewa, alikuwa anatafuta vipande vya shoto." Nikageuza uso dirishani, nikaangalia ng'ombe wa watu.

Wiki hiyo aliua koyote wawili asubuhi moja, na wengine wakahamia kwingine. Lakini alikuwa ameshapoteza wana-kondoo kumi na mmoja.

Jumapili ya pili ya Machi, Verlin akamaliza. Akaifunga ndani ya shuka safi, akavaa shati la kanisani, tukapanda kilimani. Twyla alitufungulia mlango, akaiona ile shuka, na nasema kweli, alifurahi. Akaifungua juu ya meza. Ilikuwa nzuri, sitadanganya. Kila kiungo kimekaa, chuma kimesuguliwa kikawa cheusi cha kupendeza. Akaigeuza. Akaliona dirisha la upande wa kulia. Furaha ikatoka usoni mwake, ikaenda zake.

"Nzuri, baba," alisema.

Verlin hakumsikia. Alikuwa ameiona ile ya dukani, imetundikwa kando ya mlango.

"Hicho nini?"

"Baba, nilingoja..."

"Nimevunja mgongo miezi mitano, wewe umekwenda kununua takataka kwa Burl!"

"Walikuwa wananimaliza!"

"Njoo nje nikuonyeshe ulichonunua. Na wewe dada, njoo uone!"

Nilikwenda haraka kuliko nyonga yangu inavyoruhusu. Verlin, aliyekuwa ameichukua ile ya Burl, akasimama mbele ya ubao wa shabaha wa Twyla ulioegemea ukingo wa udongo, akaiweka bega la kulia, akapiga. Ganda likaruka kushoto, likamchapa shavuni, chini kidogo ya jicho. Akatukana. Akapiga tena kwa hasira, la pili likamwingia kwenye kola. Akaishusha bunduki, akawa anarukaruka na kujikung'uta kama aliyepandwa na siafu.

"Mbovu! Si nilisema? Inatema kinyume, inakuchoma!"

Twyla aliichukua mikononi mwake. Akaiweka bega la kushoto, akapiga tatu. Vibanzi vikaruka katikati ya ubao. Maganda yakaanguka kwenye nyasi, mbali naye.

"Si mbovu, baba. Haikuundwa kwa ajili yako." Akavuta kola ya shati, akamwonyesha lile kovu. "Hivyo ulivyorukaruka sasa hivi, mimi nilirukaruka nina miaka kumi na miwili. Ukaniambia nimeshika vibaya."

Verlin alilitazama kovu, akautazama ule mkono, akatazama ubao. Alama nyekundu ilikuwa inamvimba chini ya jicho.

"Tangu lini wewe ni shoto?"

"Tangu mama aliponizaa."

Akanigeukia. "Ulijua?"

Hii ndiyo siku niliyokuwa nimeingoja. "Kila mtu anajua, Verlin," nikasema. Sikuificha raha yangu. "Burl amejua kwa dakika mbili. Nimekuangalia tangu Desemba ukiisugua, nikawa nacheka moyoni."

Nilidhani Twyla atacheka. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Tangu Desemba?" alisema.

"Vifaa vilipofika. Niliona pale pale."

"Na ukanyamaza."

"Mwenye macho haambiwi tazama, mwanangu. Nilitaka ajifunze."

"Ungeniambia Desemba, ningenunua Desemba." Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Nilikuwa nakuja kila Jumapili. Nakuambia wamechukua wa tatu, wa tano, wa nane, wewe unanipakulia viazi. Kwenye gari nimekuambia labda ya baba ni ya shoto. Ukaangalia dirishani."

"Twyla, mimi nilikuwa upande wako."

"Baba hakuona, shangazi. Wewe uliona."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Verlin akaniendesha hadi nyumbani, bunduki yake ndani ya shuka juu ya magoti yangu. Njiani akauliza mara moja tu, bila ukali, "Mbona hukuniambia?" Mimi ambaye sijawahi kukosa jibu la kumpa mtu huyu, nikageuza tena uso dirishani.

Sasa ni Mei. Vipande vya kulia amevitoa, ameagiza vya kushoto, na safari hii alimwita Twyla karakanani akamwomba aishike kwanza, akamtazama vidole kimoja kimoja. Jumamosi hupanda kilimani kumjengea ua. Twyla humkaripia, naye hujibu, wanagombana kutwa juu ya misumari, kisha wanakula pamoja barazani.

Jumamosi iliyopita nilimwomba Verlin anichukue. Nilikuwa nimeoka mkate wa tufaha. Twyla aliupokea kupitia dirisha la gari, akasema asante, akaenda kuuweka mezani, na hakuniambia nishuke. Nikakaa garini hadi walipomaliza.