Kisanduku cha Faksi

Mimi ni dereva wa kituo cha damu. Kazi yangu ni usukani, kompyuta sizijui. Lakini gari likiwa halina safari mimi hukaa kwenye benchi la korido, na kutoka pale mtu anaona milango mitatu: wa maabara, wa Nesi anayewatoa watu damu, na wa Mama Faili. Nimekalia benchi lile miaka kumi na minane na sijawahi kuchoka, maana sinema ya bure haichoshi.

Mama Faili ndiye mtunza kumbukumbu wetu. Kila aliyewahi kunyoosha mkono na kutoa damu hapa yumo kwenye mfumo wake: jina, kundi la damu, uzito, simu, mara ya mwisho alipotoa. Watu elfu sita na ushei. Mfumo wenyewe uliishi kwenye seva moja nyeusi, na seva iliishi kwenye chumba kilichokuwa bafu. Vigae vya buluu bado vipo ukutani, hata kile kijisahani cha sabuni. Yeye alikifanya mahali pa kuweka funguo. Asubuhi akifika, kabla hajanisalimia mimi niliye binadamu, alifungua bafu akaipapasa seva mgongoni kuona imeamkaje. Feni ikikwama aliipiga kofi. Ikiendelea kukwama aliigombeza.

Kwa utaratibu, mama huyu hana mpinzani. Ule waraka wa korido usemao "Kila taarifa iandikwe kwenye kisanduku chake. Ni marufuku kuandika maelezo ya ziada" aliutunga yeye, akaugonga muhuri yeye, akaubandika yeye, tena kwa gundi isiyobanduka. Siku moja mizani iliharibika, Nesi akaandika "mwembamba kama ufagio" kwenye kisanduku cha uzito. Loo! Aliitwa akasomewa waraka kwa sauti, mbele yangu na mbele ya huyo ufagio mwenyewe, aliyekuwa bado ameshikilia pamba mkononi.

Hao wawili, basi, ni paka na panya. Nesi naye ana lake la kulipiza. Mara mbili kwa mwaka Mama Faili hukunja mkono wa blauzi, akaenda kutoa damu kama anavyowahimiza wengine. Miaka ya mwanzo alitolewa kama mtu yeyote. Lakini kwa miaka tisa sasa Nesi humtazama tu usoni, akamwambia, "Leo damu imetosha, bibi. Rudi ofisini kwako." Hebu fikiria! Kituo kinalilia damu mpaka redioni, ya kwake imetosha. Mama Faili hutoka mle amevimba, akaja kukaa nami kwenye benchi.

"Dereva, damu yangu ina nini? Ina kutu?"

Mimi humjibu sijui, kwa sababu kweli sikuwa nikijua.

Sasa, mvua za mwaka huu dari la bafu lilivuja, tukaiona seva imefunikwa beseni. Mkurugenzi akasema imetosha, mfumo unahama. Akaletwa Injinia, binti mmoja mwenye begi mgongoni na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Alitukusanya akatueleza kwamba data yetu itakaa kwenye mashine za kukodi, mbali kabisa, zenye umeme wa uhakika na walinzi, nasi tutaifungua kwa mtandao. Watu wa kazi hiyo wanaita kuhamia kwenye wingu.

"Na hilo wingu halivuji kama dari letu?" Nesi aliuliza.

Injinia alicheka, akaingia ofisini kwa Mama Faili, wakaanza kupitia mfumo wa zamani kisanduku kimoja kimoja, nini kibaki na nini kitupwe. Mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa kwenye benchi langu sina hili wala lile.

"Na hiki cha faksi, mama, mnakitumia?"

"Mwanangu, hapa hatuna hata mashine ya faksi."

"Basi nitakiacha kiwe cha tarakimu tu, mfumo mpya ndivyo unavyotaka. Sawa?"

Mama Faili alishika funguo zake, akazigeuzageuza. "Sawa," akasema.

Nilidhani ni uchovu. Kumbe siku ile alikuwa anauzika msiba wake mwenyewe bila kulia. Mfumo wa zamani haukuwa na mahali pa maelezo, lakini kila mtu alikuwa na kisanduku cha faksi, kitupu, kinamtazama tu. Miaka kumi na saba iliyopita Mama Faili aliandika humo neno moja, akiwa peke yake. Halafu la pili. Tangu hapo hakuacha. "Huyu ni mlinzi, mpigie baada ya saa 10, mchana hulala." "Huyu usimwonyeshe sindano, muulize habari za kuku wake." "Mume wa huyu alifariki mwezi wa 3, usimuulizie." Watu elfu sita, na kila mmoja na njia yake ya kumwendea. Ndiyo maana akipiga simu watu walikuja, sisi tukidhani ni sauti yake nzuri. Na haya yote aliyafanya chini ya waraka alioubandika kwa mkono wake. Nyani haoni kundule.

Ijumaa seva ilizimwa, bafu likawa kimya mpaka inatisha. Jumatatu mfumo mpya ukafunguka, tena kwa kasi, kila mtu anashangilia. Mama Faili akamfungua mtu wa kuku, kisha yule mlinzi, kisha yule mjane. Mfumo mpya ulikuwa umefanya ulichoambiwa: herufi zote zimefutwa, zimebaki tarakimu. Mtu wa kuku alikuwa mtupu. Mlinzi alikuwa na 10. Mjane alikuwa na 3.

Angesema siku ileile, lakini angeanzaje? Mwenye waraka ni yeye. Kwa hiyo alikaa kimya kama maji mtungini, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Chakula chake cha mchana alinipa mimi. Alinunua daftari akawa anaandika kwa kichwa, mtu mmoja mmoja, huku akifumba macho kuwakumbuka. Nilipochungulia alikuwa amefika watu arobaini na wawili. Nilimhurumia bila kujua namhurumia kwa lipi.

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi simu ikalia kutoka hospitali. Kuna mama mjamzito anapasuliwa kesho, damu yake ni O hasi, ambayo ni adimu, na madaktari wanajua atapoteza nyingi. Wanayo chupa moja, wanataka ya pili. Na damu haichotwi leo ikatumika leo. Maabara lazima ipate muda wa kuipima. Maana yake mtu wa O hasi apatikane kabla ya saa sita mchana, la sivyo yule mama anaingia chumba cha upasuaji na chupa moja na dua.

Tulikuwa wote kwenye chumba cha mafunzo, Injinia akitufundisha mfumo mpya, Mkurugenzi amekaa mbele. Injinia akaandika O hasi, majina matatu yakatokea mara moja. Watu wakapiga makofi. Mama Faili hakupiga. Wa kwanza alikuwa ametoa mwezi uliopita. Wa pili alikuwa amehamia nje ya nchi. Wa tatu alikuwa fundi saa, na simu yake ilikuwa imezimwa. Tukapiga mara ya pili, mara ya tano. Imezimwa. Anwani iliyoandikwa ilikuwa ya nyumba aliyohama zamani. Nilikwenda mbio na gari, nikakuta wapangaji wengine hawamjui hata kwa sura.

Niliporudi ilikuwa saa tatu na nusu. Mama Faili alikuwa amesimama mbele ya skrini, macho kwenye kisanduku cha faksi cha fundi saa. Kilikuwa na tarakimu tatu: 314.

"Iliandikwa hapa," akasema.

"Nini kiliandikwa?" Mkurugenzi akauliza.

Mama Faili amewahi kumfokea mkaguzi kutoka makao makuu, lakini pale sauti ilimtoka nyembamba kabisa. "Mkurugenzi, nimevunja waraka wangu mwenyewe kwa miaka kumi na saba. Kwenye faksi niliandika namna ya kumpata kila mtu. Binti aliniuliza kama tunakitumia, nikamficha. Sasa zimefutika, na za huyu sizikumbuki. Nimejaribu tangu saa mbili na nusu. Sizikumbuki."

Nilimtazama Nesi, nikategemea atacheka. Siku ya kulipiza kisasi cha ufagio ilikuwa imefika. Nesi alikuwa anatazama viatu vyake.

Injinia ndiye aliyeongea. "Mama, kabla sijasafisha data huwa naweka nakala ya vile ilivyokuwa. Naitunza siku thelathini. Hakuna kilichofutika moja kwa moja. Mbona hukuniambia Jumatatu?"

"Jumatatu nilikuwa na aibu."

"Na leo?"

"Leo pia ninayo, mwanangu. Lakini yule mama atakayepasuliwa, aibu yangu itamsaidia nini?"

Injinia alivuta kiti. Vidole vilikwenda mpaka sikuviona. Dakika ishirini Mama Faili alisimama nyuma yake akiwa ameshika funguo za bafu, ambalo halina tena cha kufungia. Kisha maneno yakatokea, na Injinia akayasoma kwa sauti: "Fundi saa. Akiwa kazini huzima simu. Jengo la posta ya zamani, ghorofa ya 3, mlango 14. Gonga mara moja tu, usubiri."

Sikungoja kuagizwa. Nilipanda ngazi zile kama mtu anayedaiwa roho. Niligonga mara moja. Nikasubiri. Nakuambia, kusubiri pale kulikuwa kugumu kuliko kuendesha. Mkono ulikuwa unaniwasha kugonga tena, nikaukamata kwa ule mwingine. Mwishowe mlango ukafunguliwa na mzee mwenye kioo cha kukuzia kimekwama jichoni.

"Wengi wanagonga kama wanavunja, skrubu zangu zinaruka," akasema. "Nani kakufundisha kugonga hivyo?"

"Kompyuta, mzee."

"Kompyuta gani! Ni yule mama. Ananihitaji?"

"Anakuhitaji sasa hivi."

Akavua kioo, akafuata. Saa nne na robo alikuwa kwenye kiti cha Nesi, mkono umenyooka, akilalamika kwamba saa yetu ya ukutani iko nyuma dakika nne.

Ijumaa alasiri hospitali ikapiga simu. Mama mzima, mtoto mzima, na chupa zote mbili zilitumika. Mama Faili aliweka simu chini, akainamisha kichwa mezani, akalia waziwazi bila kutafuta leso. Mkurugenzi alimwambia waraka ubanduliwe. Tulijaribu, gundi ikagoma, basi Mama Faili akachukua kalamu akaongeza chini: "isipokuwa kwenye faksi." Injinia alikuwa ameshatengeneza kisanduku kipya kinachopokea maneno, akauliza kiitweje. Mama Faili akasema hakina haja ya jina jipya.

Jioni Injinia akawa anahakikisha kama maelezo yote elfu sita yamerudi mahali pake. Akasimama ghafla. "Mama, hili la kwako umeliandika wewe?"

"La kwangu? Mimi sijawahi kulifungua jina langu humo. Nijiandikie nini?"

Lakini yumo, kwa sababu naye alishatoa damu. Na kisanduku chake cha faksi hakikuwa kitupu. Mtu alikuwa ameingia miaka tisa iliyopita, akaandika, akatoka. Injinia akageuza skrini. Mimi nilisomea kwenye benchi, kwa kunyoosha shingo.

"Huyu ana upungufu wa damu. Nilipomwambia alilia, hakuamini, na wiki iliyofuata alirudi kutoa. Akija, mwambie imetosha. Ugomvi nitaubeba mimi."

Mama Faili alisoma mara mbili. Akainuka, akavuka korido, akapita mbele yangu bila kunitazama, akasimama mlangoni kwa Nesi.

"Umeandika maelezo ya ziada," akasema. "Kwenye kisanduku kisicho chake."

Nesi alikuwa anafuta kiti. Hakugeuka haraka. "Kumbe kimerudi."

"Ulijua siku zote ninachokifanya mle. Nikakusomea waraka mbele za watu, na ulijua."

"Nilijua."

Mama Faili akaingia, akakaa kwenye kiti kile cha kutolea damu, mikono ya blauzi imefungwa vifungo mpaka chini. Nesi akaja akamtazama usoni, kama kawaida yake.

"Leo damu imetosha, bibi."

"Najua," akasema Mama Faili, na hakuinuka.