Sauti ya Mama Nancy Bandani

Tabea hakuanza kufuga kwa mapenzi, ingawa siku hizi wageni wakimuuliza huwaambia alizaliwa na moyo wa kuku. Ukweli ni kwamba dada yake Aikande alipohamia Moshi alimwachia kuku wake "kwa wiki moja tu", kisha hakurudi kuwachukua. Tabea aliwalisha kwa hasira mwezi wa kwanza, kwa mazoea mwezi wa pili, na kufikia sikukuu ya mavuno pale kanisani alikuwa ameshawapa majina ya wanakwaya wenzake.

Nyumba yake iko juu ya Tengeru, huko kwenye migomba na mibuni, ambako mwezi wa saba ukungu wa Mlima Meru hushuka hadi mlangoni na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Msimu mmoja wa baridi kuku wakapata mafua. Tabea hakujua mapema, kwa sababu kuku akiumwa hujikaza mbele za watu mpaka siku anapoanguka. Walikufa wengi. Mumewe Eliasi aliwazika nyuma ya migomba, na migomba ile ikazaa mikungu mikubwa ajabu ambayo hakuna mtu pale nyumbani aliyekuwa na hamu ya kuila.

Kwa hiyo kikundi cha wafugaji kilipoletewa habari za vifaa vya kisasa vya kuangalia afya ya kuku, Tabea alinyoosha mkono kabla mletaji hajamaliza kusema shikamoo.

Fundi alikuja kutoka Olasiti, kijana mpole aliyeitwa Abdulsalam. Alifunga kidude kimoja cha kupima joto, kingine kwenye tanki la maji, kingine cha kunusa hewa, na cha mwisho, chenye umbo la kitumbua, akakibandika juu ukutani.

"Hiki ni sikio, mama," alisema. "Kinasikiliza kukohoa. Kuku wakianza kukohoa, unapata ujumbe kwenye simu. Wakikohoa wengi kwa pamoja, ujumbe unakwenda mpaka kwa daktari wa mifugo wa kata."

"Mwanangu, mimi nikiwa soko la Kilombero, Arusha mjini, simu iko chini ya kanga, na kanga iko chini ya trei za mayai. Huo ujumbe nitausoma kuku wakishakuwa marehemu. Anayebaki nyumbani ni mume wangu, Baba Nancy."

"Basi tutamtumia yeye."

"Yeye simu anaitumia kama tochi."

Abdulsalam akafikiri, kisha akatoa spika kwenye begi. Tatizo likitokea, alisema, spika itatangaza pale pale bandani. Ila sauti iliyokuja nayo ilikuwa ya Kiingereza, hivyo ingefaa mwenyewe arekodi ya kwake. "Sema tu kama unavyosema siku zote."

Kosa lilikuwa hapo. Tabea anaimba sauti ya pili kwaya ya usharika, na sauti yake ikifunguliwa yote hufika ng'ambo ya mto. Alikohoa kidogo, akashika kiuno, akarekodi:

"Wee Baba Nancy! Maji yameisha! Usiseme unakuja, njoo!"

"Baba Nancy! Watoto wanaganda kwa baridi! Shusha mapazia!"

"Baba Nancy! Hewa imechafuka humu! Fungua madirisha, geuza maranda ya sakafuni!"

Na ya mwisho, aliyoitilia uchungu wa msimu ule: "Kuna mtu anakohoa! Mtoe! Mtenge peke yake, asinywe kitu na wenzake, kabla hajawamaliza ukoo mzima!"

"Ni kuku, mama," alisema Abdulsalam kwa adabu. "Si mtu."

"Kwangu ni watu."

Kesho yake Tabea aliondoka na mayai kwenda mjini. Eliasi alikuwa kwa jirani yao Lemburis akicheza drafti, na alikuwa karibu kuingia kingi, aliposikia kutoka nyumbani kwake: "Wee Baba Nancy!" Aliruka kiti kikaanguka. Akakimbia mpaka bandani, akajaza maji, ndipo akakumbuka kwamba mke wake yuko Kilombero.

"Mkeo amerudi?" aliuliza Lemburis alipomwona anarejea akihema.

"Hapana. Yuko sokoni. Na yuko bandani."

Lemburis alimtazama kwa huruma, akala kete zake tatu.

Ikawa hivyo wiki hata wiki. Tabea alikuwa sokoni, Tabea alikuwa bandani, na wakati mwingine Tabea alikuwa jikoni na bandani kwa mpigo, akimwita mumewe pande mbili. Eliasi alizoea kujibu "Naam, nakuja!" bila kujua anajibu nani. Kuku nao walijifunza kwamba sauti ile ikisikika maji hufuata, kwa hiyo Tabea akimwita mumewe kwa chakula cha mchana, kuku wote walikimbilia vyombo vya maji na kusimama foleni. Siku moja alianza kufanya mazoezi ya wimbo wa Jumapili huku akimenya ndizi, na banda zima likanyamaza kumsubiri afike kwenye kiitikio.

Lakini kuku walikuwa wazima. Baridi ilikuja, mapazia yakashushwa kwa wakati, na hakuna aliyeanguka. Tabea akawa anatembea kifua mbele.

Ndipo ikaja habari ya Nancy. Binti yao, aliyefanya kazi ya saluni huko Elerai, alikuwa amepata mchumba aitwaye Frederick, na upande wa kijana ulitaka kuja kuposa. Msemaji wao angekuwa baba yake mkubwa, Mzee Sumari, mtu mwenye koti refu na maneno marefu kuliko koti.

Asubuhi ya siku yenyewe Nancy alimwomba mama yake azime kile kifaa.

"Nizime? Na baridi hii?"

"Mama, wanakuja wakwe!"

"Wakwe wana makoti. Kuku hawana." Hata hivyo moyo ukamlainika. "Baba Nancy, nenda kapunguze sauti."

Eliasi alikwenda bila miwani. Alikuta kitufe cha kuzungusha, akakizungusha mpaka kikagoma, akarudi ameridhika. Kilikuwa kimegoma upande wa juu.

Wageni waliketi barazani, kwa sababu sebule ni ndogo, na ukuta wa baraza ndio huo huo ukuta wa banda. Tabea alikaa kwenye kiti chake amefunga kitambaa kipya, ameapa kutotamka neno mpaka aulizwe, kama mama wa binti anavyopaswa. Mzee Sumari alisimama, akafunga vifungo vya koti.

"Wenzetu," alianza, "sisi tumepita njia tukasikia kwamba katika nyumba hii mna tetea mzuri, ametunzwa, amekua. Na kwetu sisi tuna jogoo. Jogoo huyo hali, halali, anatazama mlima tu. Tukasema hebu tuje..." Hapo ukungu ukamwingia kooni. Akakohoa, kikohozi cha mtu mzima, mara nne.

"KUNA MTU ANAKOHOA!" ilinguruma sauti ya Tabea. "MTOE! MTENGE PEKE YAKE, ASINYWE KITU NA WENZAKE, KABLA HAJAWAMALIZA UKOO MZIMA!"

Wageni wote waligeuka wakamtazama Tabea. Tabea alikuwa na kipande cha ndizi mdomoni, hajakitafuna wala hajakimeza.

Jambo lingeweza kuokolewa hapo kama si mazoea ya Eliasi. "Naam!" alijibu, akasimama, akamnyang'anya Mzee Sumari kikombe cha chai, akamshika mkono na kumpeleka kiti cha mwisho kabisa karibu na zizi la mbuzi. Alipogundua anachofanya, alikuwa ameshamketisha.

"Samahani, mama mkwe," alisema Mzee Sumari kutoka mbali. "Ni baridi tu. Sisi ukoo wetu hatuna ugonjwa."

"BABA NANCY! HEWA IMECHAFUKA HUMU! FUNGUA MADIRISHA!"

Shangazi wa Frederick, Bi Anaeli, alimtazama mume wake. Mume wake alitazama viatu vyake, akasema polepole, "Safari hii si mimi."

Nancy alijifunika uso kwa mikono miwili. Tabea ndipo akameza ile ndizi, akaeleza yote kwa pumzi moja: mafua, fundi, sikio, pua, spika. Wageni walimsikiliza kama watu wanaosikiliza mlevi. Mzee Sumari, aliyekuwa amerudishiwa kikombe chake, alitaka ushahidi.

"Mama mkwe, weka maji mdomoni. Usimeze."

Tabea akajaza maji mpaka mashavu yakatuna. Mzee akausogelea ukuta, akakohoa kwa makusudi. Sauti ikamtukana upya, na Tabea hakumwaga hata tone. Baraza lote likalipuka kwa kicheko. Bi Anaeli akataka kujaribu, kisha mumewe, kisha Frederick mwenyewe, kisha wakakohoa wote kwa pamoja kama kwaya, Eliasi akiwaongoza kwa mwiko. Kuku, huko ndani, walikuwa wamejipanga kwenye maji wakishangaa mbona hayaji.

Walikuwa bado wanacheka pikipiki ilipopanda kilima kwa kasi. Alishuka Dokta Naisiae, daktari wa mifugo wa kata, mwenye ovaroli nyeupe, gambuti, na bomba la dawa mgongoni.

"Asitoke mtu!" alipaza sauti kutoka getini. "Nimepata taarifa ya kukohoa kwa wingi. Wagonjwa wako wapi?"

Vidole vyote vilimwelekea Mzee Sumari.

Dokta hakucheka. Alisema taarifa ni taarifa, na mpaka akague kuku wote hakuna anayevuka geti, maana viatu hubeba ugonjwa kutoka banda hadi banda. Akawapanga wageni, akawanyunyizia soli dawa, msemaji wa ukoo akiinua miguu kwa zamu kama anayevalishwa soksi. Kisha akaingia bandani, akamshika kuku mmoja mmoja, akamsikiliza kifua.

Kazi ile ilichukua mchana mzima. Wageni, kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda, walikula, wakala tena, na mazungumzo ya posa ambayo kwa kawaida huhitaji safari mbili na kununa katikati yakaisha pale pale. Ni vigumu kuringiana na watu mliokohoa nao. Nancy alipoulizwa kama anawajua wageni hawa, alisema anawajua, na Frederick akaachia pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu chai.

Dokta alitoka na manyoya kichwani. "Kuku wote wazima. Sikio lihamishiwe ukuta wa upande ule." Halafu akamtazama Mzee Sumari. "Ila wewe mzee, kifua hicho sijakipenda. Mimi ni wa mifugo, lakini nenda hospitali."

Alikwenda, kwa shingo upande, akakutwa na nimonia iliyokuwa ndiyo inaanza, akapewa dawa, akapona. Abdulsalam alikuja kuhamisha sikio na akampa Eliasi nafasi ya kurekodi sauti yake badala ya ile. Eliasi alikataa. Alisema ameshazoea kuitwa, na tena sasa Nancy anaondoka, nyumba itakuwa kimya sana.

Tabea, akiwa jikoni, alimsikia akiyasema hayo. Alimwekea nyama mbili za ziada kwenye sahani, akatoka mlangoni kumwita aje kula, taratibu, kwa sauti ambayo hata kuku hawakuitambua.