Masikio ya Kaswera

Mwaka vita ilirudi upande wa Beni, kule Kalunguta helikopta ikisikilika tu, bamama ba mashamba walisimamisha kazi na kumuangalia Kaswera. Yeye alisimika jembe, akaweka kidevu juu ya mupini, akafunga macho. Mulio ulimupitia kwenye meno mbele ya kufika masikioni.

"Ni ile nyeupe ya kubeba chakula. Mulime tu."

Ao siku ingine alisema, "Ni ile ya kupiga. Mukimbie mu migomba."

Hapana mutu alimubishia.

Asubuhi moja alisema ni nyeupe. Ilitokea nyuma ya mulima, na haikuwa nyeupe. Bwana yake Lusenge alibakia mule mu maharagi, pamoja na batu wengine babili. Kaswera hakushika tena jembe. Alihamia Vulamba, kwa Ananie, mutoto wa dada yake, mutengenezaji wa telefone.

Ananie alikuwa na muchezo wa kurusha helikopta kwenye ordinateur, kompyuta yake. Mulio wake haukumupendeza, akawa anautengeneza upya na sauti za kweli alizokamata na telefone, za helikopta zote mbili, nyeupe na ya kupiga.

"Mama mudogo, sikia hii."

"Hiyo ni mashini ya kusaga muhogo. Unataka kurusha bugali?"

Ananie alicheka, lakini akamuvutia kiti. Toka siku ile Kaswera alimurekebisha Ananie: kwanza filimbi nyembamba ya moteri, kiisha mapanga yanaanza polepole kama mutu anakung'uta mukeka, kiisha vyote viwili vinashikana. Jirani yao Solange alikuja kugombana.

"We Ananie, batoto yangu banaingia chini ya kitanda. Zima kile kintu yako."

Ananie alipunguza sauti. Kaswera alisogeza kiti karibu zaidi. Muchezo haukumuhusu. Alitaka kujua kitu kimoja: kama asubuhi ile, na mulima katikati, kuna masikio yangeweza kutofautisha. Kama hakuna, basi si yeye aliyemuua Lusenge.

"Unaweza kuweka mulima mbele ya sauti?"

Ananie aliweza. Alikata filimbi, akabakiza uzito wa chini, akageuza ekra ya ordinateur ili mama mudogo asiione. Kaswera akaweka kidevu juu ya meza.

"Hii?"

"Ya kupiga."

"Na hii?"

"Nyeupe."

Ananie alizichanganya, akarudilia mara sita. Kaswera hakukosa hata moja.

"Mama mudogo, basi sauti zangu ni za kweli!"

Kaswera hakuinua kichwa. Asubuhi ile Lusenge alikuwa katikati ya kisa cha kuchekesha, na yeye alitaka kusikia mwisho wake. Alijibu bamama bila hata kugeuka, jembe likiwa limelala chini, kidevu mbali na mupini. Hakuna mutu alijua.

"Weka mulima ingine," alisema.

"Lakini umeshinda."

"Weka mingine, mutoto yangu. Weka mpaka nikose."