Mtu aliyenipa mgongo ndotoni, na chupa ya mnazi niliyoibeba hadi Vitengeni

Wakuu, habari za mchana.

Ninayoandika hapa yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Najua kwa kuwa natunga hadithi wengine mtasema na hii nimeitunga. Sawa tu. Ila ningeitunga, ningejipa sura nzuri zaidi.

Naishi Mnarani, chumba kimoja, mlango wa tatu kutoka bombani. Nasahihisha miswada ya watu ili nile, na muda unaobaki naandika riwaya yangu, ambayo huu ni mwaka wa pili imekwama ukurasa uleule.

Sina mke. Marafiki zangu wengi wako ndani ya simu. Kuna wiki sauti yangu naisikia tu ninapoagiza maharagwe hotelini.

Ndoto ilianza mvua kubwa zilipokwisha. Haikuja usiku. Ilikuja mchana, kwenye ule usingizi mzito wa baada ya kula, mabati yakialika kwa joto.

Namwona mwanamume amekaa chumbani mwangu, amenipa mgongo. Amevaa shati langu la buluu. Amekalia mbuzi, kile kigoda cha kukunia nazi chenye ulimi wa chuma, na anakuna.

Lakini kifuu ni kitupu. Chuma kinakwaruza, kwaru, kwaru, na hakidondoki kitu.

Namwita, "Baba!" Hageuki. Naamka nimelowa jasho.

Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tano sikucheka. Nikaanza kuogopa kulala, halafu nikaanza kuogopa chumba chenyewe. Nikawa nashinda nje kibarazani kama mtu aliyefungiwa mlango.

Niseme pia kwamba siku hizo nilikuwa nimezama kwenye vitabu vya saikolojia ya kina. Vinafundisha kwamba chini ya akili tunayoijua kuna nyingine isiyolala, na kwamba nafsi husema kwa picha yale ambayo mdomo umekataa kuyasema. Nikanunua daftari. Kila ndoto nikaiandika. Nikachora mishale, nikaandika "kivuli", nikaandika "baba" na kulipigia mstari mara mbili.

Nilijiona bingwa wa nafsi yangu.

Baba alifariki miaka minne iliyopita. Kwetu Wagiriama, marehemu akikujia ndotoni tena na tena, ana haja. Pengine ana njaa. Pengine hajawekewa koma, kile kigingi cha mti kinachosimamishwa nyumbani kwa ajili yake na kumwagiwa uji au pombe ya mnazi. Baba hakuwekewa kigingi. Nikasema, jibu nimelipata. Nikienda nikamsimamishia chake, atapumzika, na mimi nitalala.

Nikanunua chupa ya mnazi, nikafunga safari hadi Vitengeni, kwa shangazi, dada yake baba, ndiye aliyebaki kwenye boma letu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani huyo? Karisa? Mimi nikadhani ni mtu wa sensa."

Binti yake, Kadzo, akadakia kutoka jikoni: "Mtu wa sensa tushamwona mara nyingi kuliko huyu!"

Nilistahili. Tangu mazishi sikuwa nimekanyaga pale.

Nikaeleza shida yangu. Shangazi akaitazama chupa.

"Na hiyo?"

"Ya baba."

"Baba yako yupi? Huyu aliyeokoka? Aliyezikwa na kwaya?" Akaniangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa. "Alimwambia mchungaji nami nikisikia, kigingi asiwekewe. Sasa wewe wataka kumlewesha kaburini?"

Wakuu, mimi nilikuwa sijui. Nilikaa na mzee yule nyumba moja miaka kumi na tisa, na kwenye riwaya yangu baba wa mhusika mkuu ni mgema mlevi. Niliona aibu mpaka masikioni.

Lakini shangazi hakuidharau ndoto. Aliniwekea kikombe cha chai, akaendelea kupukuchua kunde, akaanza kuuliza. Kwake yeye ndoto haijibiwi kabla haijahojiwa.

"Uso wake uliuona?"

"La."

"Alisema neno?"

"Hakusema."

"Alikuwa akikuna kwa mkono gani?"

Swali hilo halikuwamo kwenye daftari langu. Nilifumba macho, nikamtafuta yule mtu, nikamwona bega linavyokwenda.

"Wa kushoto."

Shangazi akaacha kunde.

"Kaka yangu hakuwa wa mashoto," akasema polepole. "Boma hili limezaa mtu mmoja tu wa mashoto, naye sasa hivi ameshika kikombe changu."

Nikautazama mkono wangu kama si wangu.

"Hatumwagii uji mtu aliye hai, Karisa. Ukimmwagia, umemzika."



Hapa wakuu naomba mnivumilie, kwa sababu hili sikuwahi kumwambia mtu kabla ya siku ile.

Mama alipougua nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sina dada. Baba alishinda shambani. Basi mimi ndiye niliyekuwa nakuna nazi, nachuja tui, nampikia uji mama, nakaa naye. Wenzangu wakaniita "bi harusi". Wakipita uani wananiimbia.

Siku moja mama aliomba uji wa nazi. Wale wavulana walikuwa wamesimama pale uani. Nikamwambia mama, "Nazi zimekwisha." Zilikuwapo mbili, chini ya kitanda chake. Nikaificha mbuzi nyuma ya ghala, nikaenda kucheza mpira.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Haya, baba." Wiki hiyohiyo akafa.

Tangu hapo sijakuna nazi. Chumbani kwangu sina hata sufuria. Nilidhani mimi ni mtu asiyependa kupika, basi. Kumbe kuna mtoto nilimwacha nyuma ya ghala, akakua hukohuko, akavaa shati langu, akaja kukaa chumbani akikuna kifuu kitupu, maana nilishasema nazi zimekwisha.

Nilimweleza shangazi yote, pale pale juu ya mkeka wa kunde.

"Mamako alijua nazi zipo," akasema. "Alilala juu yake."

Kisha akaingia ndani, akatoka na ile mbuzi. Ulimi umeliwa na kutu kidogo. "Hii ni yako. Na huo mnazi uache hapa. Mimi sijaokoka."

Nilirudi Mnarani nimeipakata. Nikanunua sufuria, mchele, nazi mbili. Nikakaa mchana kweupe, mlango wazi, nikakuna kwa mkono wangu wa kushoto. Machozi yalinitoka mpaka nikachelea kuutia wali chumvi mara mbili.

Wali ukawa mwingi kuliko mtu mmoja. Nikapeleka sahani mlango wa pili, kwa Mama Mutindi, mama wa Kitui anayefua kwenye hoteli moja ya watalii.

"Kumbe unaongea!" akasema. "Mwaka mzima nadhani humo kuna redio tu."

Alirudisha sahani ikiwa na maembe. Kila mtu akala kwake.

Nilichojifunza ni hiki. Daftari zima nilikuwa nauliza ndoto ina maana gani. Sikuuliza huyu mtu ni nani, wala ameshika nini, kwa mkono upi. Vitabu vilinifikisha mlangoni, na navishukuru. Lakini nafsi haikuwa inanitisha. Ilikuwa imekaa palepale, inafanya kazi niliyoikimbia, inangoja nazi.

Yule mgema nimemtoa kwenye riwaya. Ukurasa bado umekwama, sitawadanganya.

Na yule mtu hajaja tena. Nilitaka aondoke, ameondoka. Sasa mchana nikijilaza namngoja. Mbuzi naiacha katikati ya chumba, na nazi juu yake, ili akija aikute.

Nanyi wakuu, nani amewapa mgongo ndotoni? Andikeni hapo chini, hata kwa mstari mmoja. Nipo, nasoma kila jibu. Mchana huku ni mrefu.