Maziko Kabla ya Saa Kumi na Mbili

Nimefundisha uraia hapa Tanga mpaka nikastaafu, na kila mwaka niliandika ubaoni maana ya sheria ya kijeshi: jeshi linashika kazi ya polisi na mahakama, raia anapokea amri. Wanafunzi walinakili, wakafaulu. Mimi mwenyewe sikuifikiria zaidi ya hapo.

Zikaja siku zile za kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni, askari wenye bunduki njia panda, na mama akafariki baada ya adhuhuri. Dada yangu alikuwa Maramba. Akapiga simu akilia, "Kaka, n'ngojeni. Nimuone uso tu." Nikamwambia tutamngoja.

Huku kwetu maiti hacheleweshwi, lakini binti husubiriwa, kwa kuwa makaburini hendi. Akimkosa mama nyumbani, kamkosa moja kwa moja. Hilo nalijua vizuri.

Alasiri ikapita. Magari yalikuwa ya shida, na kila kizuizi dada alisimamishwa. Barazani, waliokuja kuzika walitazama saa zao. Jirani mmoja, seremala, akaniuliza, "Mwalimu, hii ndo ile sheria ya kijeshi?"

Nikamjibu kama niko darasani: hapana, hii ni amri ya kutotoka nje tu, mahakama zipo.

"Haya," akasema. "Na maiti wetu je?"

Nilikuwa nimechoka tangu asubuhi, nimechoka hata kubishana. Nikasema jeneza litolewe.

Tulizika mbio mbio. Talkini, yale maneno anayosomewa maiti kaburini, ilisomwa watu wakiwa wameshageuka kuondoka. Niliona aibu, na bado naiona.

Dada alifika saa kumi na mbili imeshapita, akisindikizwa na askari, bunduki begani. Askari akanipa mkono. "Shikamoo mzee. Poleni sana. Kwa msiba mngekuja kusema tu, maziko tunaruhusu." Njia panda ni hatua chache kutoka kwetu, na mimi, mwalimu wa uraia, sikwenda kuuliza.

Dada aliingia chumbani kwa mama, akakaa juu ya kitanda kilichokwisha kutandikuliwa. Nilisimama mlangoni. Hakulia.

"Yule hanijui, na kanileta hadi mlangoni," akasema. "Wewe ndo ulishindwa kun'ngoja."