Kumkanda Mzazi kwa Mikono Yenye Ganzi

Katika ukoo wetu, binti akijifungua mtoto wa kwanza, mama yake hatumi salamu, anakwenda mwenyewe. Anabeba ndizi za mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, anampikia mzazi, na asubuhi na jioni anamkanda tumbo kwa taulo na maji ya moto. Mama yangu alinifanyia hivyo. Alishuka kutoka Kilimanjaro hadi kwangu Maji ya Chai, karibu na Arusha, akatawala nyumba mpaka mume wangu akawa anaomba ruhusa ya kuingia jikoni. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia ana mimba, nilijua zamu yangu imefika. Shida ilikuwa mikono.

Miaka michache kabla ya hapo niliamka na miguu mizito, na kifua kimebanwa kana kwamba mtu mwenye hasira amenifunga kanga kwa nguvu. Daktari alinieleza kwamba neva zilizo ndani ya uti wa mgongo, usawa wa shingo, zimevimba. Nilitibiwa, uvimbe ukatulia, nikajifunza upya kutembea, sasa kwa mkongojo. Kilichobaki ni ganzi. Mikono yangu inashika, na ikiamua inafunga hata vifungo, lakini haijui moto wala baridi. Mkojo nao hausubiri mtu. Nikifika nyumba yoyote naulizia choo kabla sijaulizia habari za wenyeji. Watu huniambia naonekana mzima, nami huwaitikia ahsante, maana kubishana nako kunachosha.

Binti alipojifungua, mkwe wangu alinifuata kwa gari, mimi na mkungu wangu wa ndizi, akatupeleka kwao Njiro. Ilikuwa Julai. Baridi ya Julai hukaza miguu yangu, na Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu kama mtu asiyetaka wageni. Mimi sikujali. Nilimbeba mjukuu nikiwa nimekaa, mito pande zote, nikajiona mtu kamili.

Kesho yake nilipika mtori. Ulipoiva niliipua sufuria, nikaitua mezani huku nikimsimulia binti yangu mambo ya majirani. Alikuwa amekaa ananyonyesha. Nikaona hanijibu tena, ananitazama vidole. Nilikuwa nimesahau kitambaa cha kushikia, na ngozi ya mkono wa kushoto ilikuwa tayari inainuka malengelenge.

"Mama, hukusikia?"

"Sikusikia," nilisema, nikaenda kuuweka mkono kwenye maji ya bomba.

 Jioni mkwe wangu alizungumza nami, kwa adabu zote. Kwamba nimechoka. Kwamba angempigia simu mama yake huko Rombo aje amkande mzazi, na mimi nipumzike tu. "Wewe mama ni mgeni wetu," akamalizia.

Nimechomwa sindano za mgongo nikiwa nimekunjwa kama samaki mkavu, na hakuna iliyoniuma kama neno hilo, mgeni. Mgeni nyumbani kwa mwanangu wa kumzaa. Nilimwitikia vizuri, kisha nikaingia chooni nikalia. Nilimkasirikia yeye, nikaukasirikia mwili wangu zaidi, na kilichonichoma ni kwamba alikuwa na haki. Nani angemkabidhi mkewe kwa mtu asiyejua kama maji yamechemka?

Asubuhi nilikuwa nakunja nguo zangu binti yangu aliponiita chumbani. Alikuwa amelala chali, tumbo wazi, mtoto amelala pembeni. Beseni lilikuwa sakafuni linafuka mvuke, taulo limewekwa ukingoni, jagi la maji baridi kando yake.

"Nikande," alisema.

"Mikono yangu haijui moto, mwanangu. Umeona jana."

"Tumbo langu linajua."

Nilisimama pale na mkongojo wangu. Mama aliponikanda mimi, kila niliposema moto aliniambia nikaze roho, mzazi halii. Ndivyo tulivyofundishwa: mkandaji ndiye mwenye kipimo, kazi ya mzazi ni kunyamaza. Nami nilikuja Njiro nimejiandaa kumwambia mwanangu maneno hayohayo.

Nikavuta stuli, nikakaa. "Basi usivumilie hata kidogo," nikamwambia. "Ukisikia moto, sema. Piga kelele ukitaka."

Alitumbukiza mkono wake kwenye beseni kabla yangu. "Moto." Nikamimina maji baridi. "Bado." Nikaongeza. "Hapo sawa." Nikalichovya taulo, nikalikamua kwa shida, nikalilaza tumboni. "Moto, Mama," akasema, nikaliinua. Nikalipunga kidogo, nikalirudisha polepole.

"Sasa?"

"Sasa. Kandamiza."

Nilikandamiza. Joto sikulisikia, wala ulaini wa tumbo lake. Nilimtazama usoni tu. Mabega yalishuka, mdomo ukalegea, akafumba macho.

Mkwe wangu alibisha hodi, akaongea akiwa nje ya mlango. Mama yake alikuwa kwenye simu, anauliza apande basi la saa ngapi.

Binti yangu hakufumbua macho. "Msalimie sana," alisema. "Mwambie aje taratibu kumwona mjukuu. Mimi nakandwa na mama."